Mwenyeji na Mgeni: Kitabu cha Mamdani na Mas-ala Yetu ya Mwambao

Tarehe 2 Januari 1492 mfalme wa mwisho wa Kiislamu katika Andalusi aliukabidhi mji wa Granada kwa Ferdinand na Isabella. Kisa hiki twakijua. Tumekisikia madrasani na katika mihadhara, na aghalabu msimulizi hukomea hapo penye machozi. Yaliyofuata hayasimuliwi sana, nayo ndiyo yenye mazingatio. Kabla ya miezi mitatu kwisha ilitolewa amri ya kuwatoa Mayahudi wote katika nchi, ila atakayebatizwa. Waislamu wao waliahidiwa kuachiwa dini yao, lakini ahadi haikudumu. Mwaka 1502 walioko Castile waliambiwa wachague kubatizwa au kuhama. Wengi wakabatizwa. Je, waliachwa? La. Baina ya mwaka 1609 na 1614 watu wapatao 300,000, vizazi vya wale waliobatizwa, walitolewa kwa nguvu wakavushwa bahari, na hali wako miongoni mwao waliokuwa Wakristo wa kweli, wanakwenda kanisani na hawajui hata kutia udhu. Kosa lao halikuwa dini tena. Lilikuwa damu. Na fikira hiyo ya damu ilikwisha kuandikwa kanuni zamani, katika mji wa Toledo mwaka 1449, kuwazuia wenye asili ya Kiyahudi wasishike vyeo hata wakiwa wamekwisha ingia Ukristo.

Ndugu msomaji, liangalie jambo hili vizuri. Dini mtu aweza kuiacha, au akajidai ameiacha. Damu haibadiliki. Siku watawala walipoamua kwamba mwananchi wa haki ni mwenye damu fulani, ndipo walipopatikana watu ambao hawana la kufanya wakakubaliwa, wala wajukuu zao hawana.

Mwaka huo wa 1492 ndio aliouchagua Mahmood Mamdani kuwa mwanzo wa hoja ya kitabu chake *Neither Settler nor Native*, kilichotoka mwaka 2020. Jina hilo kwa lugha yetu ni kama kusema: si mlowezi wala mwenyeji. Mwandishi si mtu wa mbali. Amekulia Kampala, asili yake ni Mhindi, na alifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Wahindi wenzake pale Idi Amin alipowapa siku 90 wawe wamekwisha toka. Kisha alisomesha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka hiyo ya 1970. Mtu aliyekwisha ambiwa wewe si wa hapa, katika mji aliokulia, ana haki ya kuuliza neno hilo limetoka wapi na ni nani aliyelitia nguvu ya sheria.

Jawabu lake kwa mukhtasari ni hili. Watu kutofautiana kwa lugha, kwa mila na kwa asili ni jambo la kale, wala peke yake haliui. Linaloua ni pale dola inapofanywa milki ya taifa moja, wengine wote wakawa ni wa kuvumiliwa tu, leo wavumiliwe na kesho wafukuzwe. Wazungu walipoitoa dola ya namna hii kwao wakaileta ng'ambo, hawakuunda taifa moja katika kila koloni, bali waliunda mataifa madogo madogo wakayaita makabila. Kila kabila likapewa ardhi yake, mkubwa wake na sheria zake za mila. Ndani ya mipaka hiyo, mtu ambaye babu yake alitoka bonde la pili akawa mgeni, ijapokuwa yeye amezaliwa papo hapo na kitovu chake kimezikwa papo hapo. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilishwa. Mipaka ya ndani na sheria zake zikabaki.

Mlango ulioniridhisha kuliko yote ni wa Sudan. Muhammad Ahmad, aliyejiita Mahdi, alisimama mwaka 1881 akawakusanya watu wa makabila mengi chini ya bendera moja, wakawashinda Waturuki na Waingereza. Waingereza walipoiteka tena nchi mwaka 1898 kubwa waliloliogopa lilikuwa ni mkusanyiko kama ule usirejee. Basi wakaikata nchi vipande vya kikabila, kila kabila na dari yake, na tangu mwaka 1922 wakaweka sheria ya kufunga wilaya za kusini na nyinginezo hata Msudani wa kaskazini asiweze kuingia ila kwa ruhusa. Kusini ikakua peke yake, kaskazini peke yake, na huko kusini kwenyewe kila kabila peke yake. Tukaja kushuhudia matokeo. Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, watu wakacheza barabarani. Haikutimia miaka mitatu, Disemba 2013, askari wa Juba wakapigana wao kwa wao, na watu wakawa wanauawa kwa kuulizwa lugha. Mamdani alikuwa katika tume iliyotumwa na Umoja wa Afrika kuchunguza mambo hayo, akahitilafiana na wenzake akaandika rai yake mbali. Na msomaji akitaka kuona ugonjwa wenyewe kwa tarakimu na atazame hesabu ya majimbo ya nchi ile: yalikuwa 10 mwaka 2011, yakafanywa 28 mwaka 2015, yakawa 32 mwaka 2017, yakarudishwa 10 mwaka 2020. Kila mara mstari ukisogezwa, huwako watu waliolala wenyeji wakaamka wageni.

Hoja yake ya pili ni ngumu zaidi, na juu yake nina maneno. Asema kwamba mauaji ya namna hii si jinai ya kawaida, ni siasa. Kwa hivyo kuwashika wauaji na kuwafunga hakutoshi, na pengine hufunika sababu. Mfano wake ni mahkama ya Nuremberg ya mwaka 1945 na 1946. Wakubwa wa Hitler walihukumiwa mmoja mmoja, na walistahili. Lakini fikira yenyewe, kwamba kila nchi iwe ya taifa moja, haikushitakiwa. Mwaka ule ule wa 1945 washindi walikutana Potsdam wakaidhinisha Wajerumani wahamishwe kutoka nchi za mashariki ya Ulaya, na waliohamishwa walikuwa mamilioni kwa mamilioni. Na Mayahudi waliosalimika hawakuambiwa Ulaya ni kwenu, rudini majumbani mwenu muishi kwa haki sawa na wenzenu. Walionyeshwa Palestina. Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 wakatolewa katika nyumba zao, na hadi leo vizazi vyao vimo kambini. Hivyo ndivyo dawa ilivyokuwa ni ule ule ugonjwa, akapewa mtu mwingine aumeze.

Badala ya Nuremberg, Mamdani atuonyesha Afrika Kusini. Haisifu sana ile Tume ya Ukweli. Asifu ile sulhu iliyotangulia, pale mahasimu walipokaa mezani wakakubali kwamba hakuna atakayefukuzwa na wote watakuwa raia wa dola moja. Rai yake ni kuwa baada ya fitna kama ile yafaa wote wahesabiwe kuwa ni waliosalimika, asiwepo mwenye kutawala kwa sababu aliteswa, wala mwenye kutengwa daima kwa sababu alitesa.

Wanafunzi wa fiqhi hawataona jambo hili kuwa geni kama wengine watakavyoliona. Upo mlango wa bughaat katika vitabu tunavyovisoma, vya madhehebu ya Shafi, na mwenye kutoka kupigana kwa taawili, yaani kwa hoja ya kisiasa aliyoiamini ijapokuwa ni batili, hahukumiwi hukumu ya mkata njia. Kilichoharibika katika mapigano baina ya pande mbili hakilipwi. Wanazuoni waliyapima haya kwa fitna za Masahaba wenyewe, wakaona lau kila damu itadaiwa, vita havitakwisha. Mpaka hapo Mamdani na mafakihi wako pamoja, japo hakuwataja.

Lakini mlango ule ule una mpaka, na mpaka huo ndio uliomponyoka. Kisamehewacho ni cha uwanja wa mapigano. Aliyeuawa nje ya mapigano, mwanamke jikoni kwake, mchuuzi mbele ya meza yake ya nyanya, damu yake ina wenyewe. Wenyewe ni warithi wake. Wao ndio wenye kudai kisasi au kupokea dia au kusamehe, wala hakuna mtawala awezaye kusamehe kwa niaba yao. Huko huko Afrika Kusini jambo hili lilizuka. Mwaka 1996 jamaa za Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi Septemba 1977, pamoja na jamaa za wengine waliouawa, walikwenda mahkama ya katiba wakisema dola haiwezi kutugawia msamaha wa damu yetu. Walishindwa. Baadaye, mwaka 1999, polisi wale walinyimwa msamaha na kamati yenyewe, lakini wala hawakushitakiwa. Mamdani angesema hilo ni thamani ya amani. Labda. Ila amani inayolipwa kwa mali ya mtu mwingine yahitaji kwanza mwenyewe aombwe, na katika kitabu kikubwa kama hiki sikumuona mjane akiombwa.

Sasa nitoke Afrika Kusini nije nyumbani, kwani msomaji wa Mwambao ataka kujua yanamhusu nini. Kenya haimo katika mifano mitano ya kitabu hiki, nayo ni Marekani, Ujerumani, Afrika Kusini, Sudan na Palestina. Lakini sheria alizozieleza ndizo zile zile. Serikali ya Kiingereza iliwagawa watu wetu mafungu mawili, wenyeji na wasiokuwa wenyeji, kila fungu na kodi yake na sheria yake. Waarabu wakawekwa fungu la pili. Waswahili wa Thenashara Taifa, ambao miji yao ni ya kale kuliko sheria yenyewe, wakajikuta fungu la kwanza. Katika miaka ya 1920, ilipokuja haki ya kumchagua mjumbe wa Waarabu katika baraza la kutunga sheria, Thenashara Taifa wakazuiwa kura. Ugomvi uliozuka uliwatenganisha watu waliokuwa wakisali safu moja na kuoana. Na tuseme kweli: wazee wetu hawakupigania mafungu yafutwe. Walipigania wahamishiwe fungu la juu.

Hali hii haijatuondoka. Wamakonde waliozaliwa Kwale walitembea kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wakavipata, na namna walivyovipata ni kutangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka uliofuata Wahindi wakatangazwa kabila la 44. Wapemba wanaoishi Kwale na Kilifi, wavuvi wengi wao, Waislamu, Waswahili kwa lugha na mila, watoto wao walikaa bila ya vitambulisho mpaka Julai 2023, nao pia wakatambuliwa kwa njia hiyo hiyo. Furaha yao ilikuwa halali na hakuna mwenye imani wa kuwaonea choyo. Mvuvi asiye na kitambulisho hawezi kukata leseni wala kuweka pesa benki. Lakini taamali njia yenyewe: haikutosha kuzaliwa hapa, kulipa kodi hapa na kuzika wazazi hapa. Ilibidi kwanza wawe kabila. Huo ni ushahidi wa Mamdani mtupu, umetokea ufukweni kwetu, na kama kitabu chake kitapigwa chapa tena angefaa autie.

Baada ya kumkubalia yote hayo, hapa ndipo ninapoachana naye. Kwa Mamdani kalamu iko mkononi mwa mkoloni, na mwenyeji huandikwa tu. Mwislamu wa Pwani akikisoma kitabu hiki kwa haraka atakifunga akiwa amefarijika: kumbe ukabila si wetu, tumeletewa! Yupo mwandishi mwingine, Jonathon Glassman, aliyetoa mwaka 2011 kitabu cha kurasa nyingi juu ya Unguja, *War of Words, War of Stones*, naye yasema mengine. Hakanushi kwamba Waingereza waliwagawa watu. Asema lakini kwamba waliolikoleza neno la asili na damu walikuwa ni wasomi wa Unguja wenyewe: waalimu, makarani, watu wa vyama, wenye magazeti. Upande mmoja, katika kurasa za gazeti kama Mwongozi, ustaarabu ulisimuliwa kana kwamba umetoka ng'ambo na kila mwenye kuupata ameupewa. Upande wa pili, katika Afrika Kwetu, likaja jibu kwamba mwenye nchi ni mwenye damu ya Afrika na aliyekuja na jahazi arudi na jahazi. Waliokuwa wakiandikiana maneno haya walikuwa Waislamu pande zote mbili, wenye kibla kimoja. Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, waliuawa watu 68, wengi wao Wamanga, na si mabwana wa mashamba bali maskini wenye vijiduka vya shamba. Miezi thelathini na kitu baadaye, Januari 1964, yakaja mapinduzi na maelfu wakauawa. Aliyeshika panga siku hiyo huenda alikuwa hajui kusoma, lakini maneno aliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa yamekwisha chapishwa.

Nami nayaandika haya katika gazeti, nalijua. Kila jarida linaloingia majumbani mwetu lina sehemu yake katika mambo haya, na heri likumbushwe mapema.

Kwetu Mombasa tulikuwa na siku zetu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kikosi cha vijana kiliishambulia stesheni ya polisi ya Likoni, kikaua askari na kuchukua bunduki, kisha kikageukia watu wa bara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Vibanda vikachomwa. Karatasi zilikuwa zimesambazwa za kuwaambia warudi makwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku na wiki zile, na waliokimbia makazi yao walikaribia 100,000. Makanisa yakajaa watu na vyombo vyao. Uchaguzi ulikuwa Disemba ya mwaka huo, na wale wageni walikuwa wapiga kura.

Mamdani angetueleza vyema chanzo. Angetwambia juu ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwayo ardhi ya Mwambao ilisajiliwa kwa majina ya wachache, iliyobaki ikaingia serikalini, na Wadigo na ndugu zao Wamijikenda wengi wakawa maskwota katika ardhi ya mababu. Angetwambia kuwa mwenye njaa ya ardhi akifundishwa miaka sitini kwamba haki hutokana na kabila, atadai haki yake kwa kabila. Ni kweli yote. Lakini mchuuzi wa Likoni hakuchukua ardhi ya mtu. Alikodi chumba, mara nyingi kwa mmoja wetu, na kodi tukapokea. Wala hakuna Mwingereza aliyemfundisha mtu mzima wa swala tano niliyemsikia wiki ile, kwenye baraza ya kahawa, akisema "wale si watu wa hapa" kwa sauti ya mtu atajaye bei ya samaki. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwapo, nami sikumjibu.

Watu wa baraza ile wote walikuwa wamesoma kisa cha Muhajirina na Ansari. Tuyatazame majina yale tena kwa jicho la mas-ala haya: mmoja ni mhamaji, wa pili ni mwenyeji aliyempokea. Ni mgeni na mwenyeji hasa, na yote mawili ni majina ya sifa. Katika safari moja Muhajiri mmoja alimpiga Ansari mmoja kwa mguu, huyu akaita Ansari wenzake, yule akaita Muhajirina wenzake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akatoka akawauliza ni nini wito huu wa kijahili. Majina hakuyafuta. Yalibaki, na yamo katika Qurani. Alichokipinga ni kule kuitana kwayo watu wakusanyike dhidi ya wenzao. Na hapo hapakuwa na mkoloni wala fomu wala ramani. Palikuwa na watu wema, wenye majina mema, na teke moja.

Hili ndilo ambalo kitabu cha Mamdani hakina pahala pa kulitia. Akisha kuieleza sheria ameeleza yote, na mtu aliyeitikia wito huwa kama kivuli cha ile sheria. Basi ni nani wa kuulizwa? Katika Likoni walikuwako vijana wa nyumba ile ile, shida ile ile na kabila lile lile, mmoja akatoka na panga na mwenziwe akamficha jirani yake wa bara uvunguni mwa kitanda. Sheria ya 1908 haiwezi kuwatofautisha wawili hao.

Kwa hayo yote, kitabu kinastahili kununuliwa na kusomwa, hasa na waalimu na na vijana wanaokwenda vyuo vikuu. Mlango wa Marekani, unaohusu wenyeji wa asili waliofungiwa katika maeneo yao na kupewa uraia mwaka 1924 tu, ni mrefu na pengine utamchosha asiyejua historia ile. Lakini asiuruke, kwani mwandishi aonyesha humo kwamba Wajerumani wa Hitler walizisoma sheria za Marekani kabla ya kutunga zao. Mwenye wakati mchache na aanze na Sudan, kisha akichukue cha Glassman papo hapo, avisome viwili pamoja. Mlango wa Palestina auweke mwisho, na asiusome usiku.